Kichwamaji: Dhambi Isiyo na Mlango wa Toba

 

Vijana wetu wa Msangano na Tunduma wanaporudi kutoka vyuoni, baadhi yao husema kuwa utu unatosha. Mtu aweza kuwa mwema kwa akili yake bila ya dini. Wengi wetu tunawajibu kwa kuwakufurisha tu. Ni bora tulitazame neno hili katika kitabu kilichompima mtu wa namna hiyo kwa uzito: riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020.

Kazimoto, msomi wa Chuo Kikuu, anatafuta maana ya maisha kwa akili yake mwenyewe. Rukia, ndugu yake wa kike, anapewa mimba na Manase, kisha anafariki. Kazimoto anaandama kisasi, na mwishowe anamwoa Sabina, dada wa Manase. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa, anakufa. Kazimoto anajiua.

Tumfanyie mwandishi insafu. Haipambi zinaa, wala hasifu kisasi. Dhambi humu ina matokeo, nayo yanamfikia hata asiye na kosa. Anayekiita kitabu cha uchafu hajakisoma hadi mwisho.

Tena akili si adui yetu. Maulamaa wa usuli walijadili suala la husni na kubhi. Muutazila walisema akili hujua jema na baya. Maashari wakasema thawabu na adhabu hazijulikani ila kwa sharia. Wamaturidi wakawa kati. Lakini hakuna aliyesema kuwa kafiri hajui kuwa dhulma ni mbaya. Mtume (s.a.w.) aliusifu mkataba wa Hilful-Fudhul, uliofungwa Makka kabla ya utume ili kumtetea aliyedhulumiwa, akasema lau angeitwa kwao katika Uislamu angeitikia.

Basi kasoro ya Kazimoto iko wapi? Akili yake inamtosha kujihukumu, haimtoshi kujisamehe. Yeye ndiye mshitakiwa, ndiye shahidi, ndiye kadhi. Imam Nawawi ametaja masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorejea, na kurudisha haki ya mja. Kazimoto analo la kujuta, hana wa kumrejea. Hapa ndipo utu uliojitenga na Mola unapokwama, na riwaya imelionyesha hilo wazi kuliko khutba nyingi.

Lakini ndugu imamu, usifurahi upesi. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mtu aliyeua watu tisini na tisa alimuuliza mtawa kama ana toba. Akaambiwa hana, akamuua naye. Kisha akamuuliza mwanachuoni, naye akamfungulia mlango na kumwelekeza kwenye mji wa watu wema. Kijana anayekuja na maswali ya Kazimoto atakutana na yupi kati ya hao wawili?

Kujiua ni haramu (An-Nisaa, aya ya 29). Hata hivyo, katika madhehebu yetu ya Shafi'i aliyejiua huoshwa na kuswaliwa. Ikiwa hatumfungii maiti mlango wa rehema, tusimfungie aliye hai ambaye bado anauliza.