Ukiona Vyaelea: Gharama ya Deraya katika Fasihi ya Vita

Uhakiki wa fasihi ya vita umezoea kuuliza nani alishinda, nani alisaliti, na mtunzi alitumia jazanda zipi kuwasifu mashujaa wake. Swali moja huachwa kando: upanga ule ulinunuliwa kwa fedha za nani? Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika fasihi ya vita inafaa kuongeza kwamba vilivyoundwa vina aliyevilipia. Makala haya yanadai kwamba hali ya askari asiyepewa zana, akalazimika kujigharimia, hubadilika sura kulingana na kinywa kinachoisimulia. Kinywani mwa kapteni huwa kichekesho. Kinywani mwa askari huwa lalamiko linalotiliwa shaka. Na katika mapokeo yaliyozaa Utendi wa Tambuka huwa machozi yasiyo na lawama. Tofauti hii si ya kifani tu. Inahusu pia nani hupelekwa kufa.

Mfano wa kwanza unatoka katika tamthilia ya Shakespeare, Henry IV, sehemu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1598. Falstaff amepewa mamlaka ya kuandikisha askari. Katika usemi nafsi wake anakiri jinsi alivyoitumia amri ya mfalme: aliwaita wenye mali, wana wa wakulima wenye nafasi na vijana waliokuwa karibu kuoa, akijua kwamba watatoa fedha ili waachwe nyumbani. Kwa watu 150 alipata zaidi ya pauni 300. Nafasi zao akazijaza kwa watumishi waliofukuzwa na watu waliopoteza kazi. Kikosi kizima hakina shati moja na nusu. Hiyo nusu yenyewe ni vitambaa viwili vilivyounganishwa, na hilo shati zima limeibwa. Falstaff hajali, kwa sababu anaamini kwamba nguo zao watajipatia njiani, kwenye nyua ambako watu wameanika.

Hadhira hucheka, na tamthilia inataka icheke. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza kwa nini kicheko hiki kinawezekana. Kinawezekana kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya wale 150 anayepewa nafasi ya kusema. Hesabu yote iko kinywani mwa yule aliyekula fedha. Mwanamfalme anaposema kwamba hajapata kuona watu duni namna hiyo, Falstaff hujibu kwamba kwa kujaza shimo la kaburi wanatosha. Halafu, katika vita vya Shrewsbury, Shakespeare anaidai hadhira gharama ya kicheko chake. Falstaff anaeleza, kwa maneno machache na bila huzuni, kwamba hawakusalia hata watatu walio hai, na kwamba hao waliosalia kazi yao itakuwa kuombaomba kwenye viunga vya miji. Ile nusu shati iliyochekesha katika tendo la nne inageuka sanda katika tendo la tano.

Kejeli hiyo ilikuwa na mizizi katika maisha ya wakati wake. Katika majeshi ya Malkia Elizabeth I, gharama ya mavazi ilikatwa katika mshahara wa askari, na makapteni walijulikana kwa kuendelea kupokea mishahara ya watu waliokwisha kufa. Kwa hiyo Falstaff si kioja. Ni utaratibu wa kawaida uliopewa tumbo na ulimi.

Mambo hubadilika askari mwenyewe anaposema. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, katika kitabu cha kwanza cha Annales, anasimulia maasi ya vikosi vya Pannonia mwaka 14 B.K., baada ya kifo cha Augustus. Askari aitwaye Percennius anawapigia wenzake hesabu: roho na mwili wa askari vimethaminiwa sarafu kumi za shaba kwa siku, na katika hizo hizo anajinunulia nguo, silaha na hema, na bado humhonga ofisa wake ili apumzishwe. Hesabu hiyo haina kichekesho. Lakini Tacitus, kabla ya kumpa Percennius nafasi ya kunena, anamwarifu msomaji kwamba mtu huyu aliwahi kuongoza makundi ya washangiliaji katika kumbi za maonyesho. Hila ya usimulizi ni hiyo: lalamiko linaruhusiwa kusikika, ila mlalamikaji amekwisha kuvishwa joho la mwigizaji. Percennius anaishia kuuawa, na msomaji anabaki na mashaka juu ya nia yake, ilhali hesabu ya shaba zake haikukanushwa na yeyote.

Kwamba hila hii haikufa na Roma kulidhihirika tarehe 8 Desemba 2004 nchini Kuwait. Askari mmoja wa Marekani alimwuliza Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, kwa nini wao walilazimika kuchakura majalalani wakitafuta vyuma na vioo vya kuyakinga magari yao. Wenzake walishangilia. Waziri alijibu kwamba nchi huenda vitani na jeshi iliyo nalo. Baadaye ilibainika kwamba mwandishi wa habari alishiriki kuliandaa swali hilo, na sehemu ya mjadala ikamwacha askari na kumwandama mwandishi. Percennius alikuwa amerudi jukwaani. Hata hivyo, sheria iliyotiwa saini Oktoba mwaka huohuo ilikuwa imekwisha kukubali kwamba askari walionunua deraya na vifaa vingine vya kujikinga kwa fedha zao warudishiwe hadi dola 1,100 kwa kila kifaa. Serikali hairudishi fedha ambazo hazikutumika.

Mapokeo ya Waswahili yanatoa kinywa cha tatu. Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo bin Athumani wa Pate na ambao muswada wake una tarehe ya 1728, umejengwa juu ya safari ya Tabuk ya mwaka 630. Katika historia ya Kiislamu jeshi la safari hiyo liliitwa jeshi la dhiki. Matajiri walitakiwa kuchangia, na Uthman bin Affan akasifika kwa ukubwa wa mchango wake. Wapo maskini waliomwendea Mtume wakitaka kwenda, wakaambiwa hapana mnyama wa kuwabeba, wakarejea wakilia. Sura ya Tisa ya Kurani, aya ya 92, inawaondolea lawama. Utendi wenyewe umeweka mkazo katika mapambano, lakini hadhira yake ya awali iliyajua machozi hayo. Kwa hadhira hiyo, upanga na farasi vilivyosifiwa havikuwa pambo tu, vilikumbusha waliovikosa.

Inaweza kupingwa kwamba anayejitolea kwa imani halinganishwi na aliyeandikishwa kwa nguvu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayoupa mlinganisho huu maana. Katika simulizi za Tabuk, mwenye mali ndiye hudaiwa, na asiye na zana husamehewa vita. Kwa Falstaff, mwenye mali hujikomboa, na asiye na shati ndiye hupelekwa. Umaskini ambao huku ni udhuru, kule ni hati ya kuitwa.

Tenzi za vita zilizo karibu zaidi na wakati wetu, kuanzia ule wa Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini hadi ule wa Kagera wa Henry Muhanika (1981), zinangoja kusomwa kwa swali hili. Mwanafunzi anayezichambua asitosheke kuorodhesha silaha na kuziita taswira. Na aulize zililipiwa na nani, nani anasimulia malipo hayo, na nani amenyimwa kinywa. Mhakiki asiyeuliza hayo atakuwa amecheka pamoja na Falstaff bila kuwahesabu wale wachache waliobaki.