Uhakiki wa Neno "Kupotea" katika Ufundishaji wa Mabadiliko ya Nishati

Sehemu hii inahakiki lugha ya kufundishia mabadiliko ya nishati katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, ambako Sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi huelezwa mambo mawili yanayoonekana kukinzana: kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, na kwamba sehemu ya nishati hupotea. Katika mfano wa kurunzi, nishati ya kikemia iliyo katika betri hugeuka kuwa umeme, kisha mwanga. Maelezo yakiishia hapo, joto huachwa, ilhali balbu ya waya hutoa joto jingi kuliko mwanga.

Yawezekana kudai kwamba neno "kupotea" liondolewe na nafasi yake ichukuliwe na "kutawanyika". Dai hilo lina mashiko, lakini linapuuza semantiki ya Kiswahili chenyewe. Kupotea kuna maana ya kutoweka, na pia ya kuiacha njia. Mtoto aliyepotea sokoni hajatoweka. Yupo mahali, na hutafutwa. Kwa hiyo, kasoro haimo katika neno, bali katika ufundishaji usiolifafanua. Kauli ya kutendea inatupa swali lifaalo: nishati imepotelea wapi? Anayelijibu hulazimika kulitaja joto na kujumlisha hadi hesabu itimie. Asiyeulizwa huingia sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, akiwa na kanuni aliyoikariri bila kuielewa.