Ndovu wa Sekenke

Rafiki yangu wa Kiomboi, wilayani Iramba katika mkoa wa Singida, alinitolea sarafu ya shaba ya manjano aliyoirithi kwa babu yake: hela 20 za mwaka 1916, zenye herufi T ya Tabora. Iling'aa kupita kiasi. Alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu ili impendeze mgeni, nami sikupata moyo wa kumwambia kuwa ameifuta.

Wengi hudhani ukongwe ndio uadimu. Sivyo. Pesa za shaba za Sayyid Barghash za 1299 Hijria (1882), zenye picha ya mizani, zingali zinapatikana kwa wepesi. Riyali yake ya fedha ya mwaka huo huo huonekana kwa bahati.

Hali ya sarafu ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Vita vilipowazingira, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba hiyo hiyo, wakapiga huko Tabora mwaka 1916 sarafu 16,198 za rupia 15, kila moja gramu 7.168. Upande mmoja una tai. Upande wa pili ndovu ameinua mkonga mbele ya mlima. Tai yule ni amri tu ya serikali. Ndovu ana pumzi, na kwangu mimi ndiye utungo. (Huko ilikotoka dhahabu sikuonyeshwa hata moja.)

Zilipigwa kwa zana za dharura, kwa hiyo baadhi zilizaliwa na mistari hafifu. Mwenye kuthamini kwa haraka huuita udhaifu huo uchakavu, akachanganya ila ya mtunzi na kovu la wasomaji. Mikono ya watu hulainisha kwanza palipoinuka, kama bega la ndovu, na kuua mng'ao wake. Pigo hafifu huuacha mng'ao wa asili mzima. Izungushe polepole mwangani utaona. Kisha kagua ukingo: nyingine zilitiwa kipete zikavaliwa shingoni, na alama ya lehemu haijifichi.

Nimesoma tenzi zilizosuguliwa namna hiyo hiyo, mhariri akilainisha lahaja ya kale hadi vina vikabaki bila sauti ya mwenyewe.

Rafiki yangu alikuwa na hela ya pili, nyeusi, ndani ya kibuyu. Aliuliza kama nayo aisafishe. Nilimwomba airudishe ilimokuwa.