Paa Lifungwe, Ubavu Uachwe Wazi: Gari la Turubali Pwani ya Kusini

Magari madogo ya kukunja paa yalibuniwa na watu wenye njaa ya jua. Mwingereza au Mjerumani akipata likizo ya kiangazi huvua paa, humkalisha mwenziwe kando yake, wakavuka Ufaransa hadi Italia wakiota jua mabegani. Diani nayo ilipata gari lake la ndoto hiyo: Suzuki SJ410, ile ndogo ya turubali ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la Sierra. Miaka ya 1980 na 1990 watalii wengi waliikodi wakashuka nayo pwani ya kusini wawili wawili. Zilizosalia bado zinaonekana Ukunda, nyingine zimepakwa rangi mara nyingi hata ya kwanza haijulikani.

Swali langu ni la kiufundi. Bwana na bibi wakitoka Mombasa na gari la namna hiyo, wakapita Waa na Tiwi, wakalala Diani, wakafika Msambweni, kisha wakarudi kwa kupandia Kwale, safari hiyo inafanywaje hata wafike nyumbani bado wanasemezana?

Tuanze na jua, maana ndilo linaloharibu hesabu yote ya Ulaya. Diani iko nyuzi 4 na kidogo kusini mwa ikweta. Saa sita mchana, siku yoyote ya mwaka, jua la Diani halishuki chini ya nyuzi 62 juu ya upeo wa macho. London, siku ya Juni ambayo jua lao limepanda juu kuliko siku zote, linafika nyuzi hizo hizo 62. Kilele chao ni sakafu yetu. Kwa hiyo anayevua paa Ukunda saa sita anajiweka chini ya jua ambalo Mwingereza mwenye gari la namna hiyo halioni kwao hata katikati ya kiangazi.

Na dawa yake tunaiona kila siku tukiipungia mkono ituchukue. Tuktuk ina paa lisilovuliwa na ubavu usiofungwa. Abiria hukaa nyuma kivulini na upepo unampitia kutoka upande hadi upande. Mtu anaweza kuicheka kwa magurudumu matatu na injini ndogo, lakini kwa hali ya hewa ya pwani umbo lake ni sahihi kuliko la gari la wazi la bei ya nyumba. Suzuki ya turubali ina bahati ya kuweza kuiiga: pande za turubali hufunguliwa zikakunjwa, na paa likabaki. Ndivyo ninavyoshauri iendeshwe. Paa livuliwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na hapo hakuna gari linaloishinda kwa raha.

Lakini paa haliondoi jua la ubavuni, na hapa ndipo ndoa nyingi zinapopata mtihani bila kujua chanzo. Barabara kutoka Likoni hadi Lunga Lunga inaelekea kusini na kuegemea magharibi kidogo. Magari yetu usukani uko kulia. Wanandoa wakishuka asubuhi, jua linatoka mashariki, yaani kushoto, upande wa asiyeendesha. Wakirudi jioni wakielekea kaskazini, jua limehamia magharibi, na magharibi sasa ni kushoto tena. Anayeshika usukani amekaa kivulini siku nzima. Mwenziwe amechomwa mkono ule ule kwenda na kurudi. Waliolala Diani wakaenda Mombasa kwa siku moja hupata kinyume chake: anayeungua ni dereva, mara zote mbili. Mke wangu ndiye aliyelibaini hili, si kwa ramani bali kwa kunyoosha mikono yake miwili mbele yangu pale Msambweni na kuniuliza, "Bwana, hii ni mikono ya mtu mmoja kweli?" Ufumbuzi ni kubadilishana usukani wakati wa kurudi, na wote wawili wawe na leseni. Leso iliyofungwa kwenye nguzo ya ubavuni inasaidia pia, na haiondoi upepo.

Upepo nao una msimu wake. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ukishuka kusini iko mgongoni. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kaskazi ikisukuma kwa 20, aliyeketi ndani anahisi upepo wa 30 tu, na ukijikokota nyuma ya lori kwa mwendo ule ule wa upepo huhisi chochote ila joto na moshi. Kusi, ya miezi ya katikati ya mwaka, inakuja usoni: gari linapungua kasi, maana lina uso wa mraba na nguvu farasi zipatazo 45, lakini waliomo wanaburudika. Kwa safari ya gari la wazi mimi nachagua Agosti. Mei siitaki kabisa. Masika hayampi mtu nafasi ya kufunga vifungo vya turubali, na mvua ya Msambweni haipigi hodi.

Kuvuka Likoni ni kazi yenye hila yake. Mlango wa bahari pale ni kama nusu kilomita tu, lakini gari la wazi ndani ya feri limezungukwa na umati, kwani waendao kwa miguu husafiri bure na hujaza sitaha pamoja na magari. Kitu chochote kilichoachwa kitini kiko mikononi mwa Mungu. Angalieni pia maji. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa hupita mita tatu, na maji yakiwa yamekupwa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali. Suzuki haijali, pua yake ni fupi na imeinuka. Gari la chini la michezo, kama Mazda MX-5, litakwaruza tumbo. Likishaingia, zima injini, tia gia ya kwanza, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, na mtu abaki kwenye usukani. Baada ya gari kuteleza kutoka kwenye feri na kuzama Septemba 2019, likiwa na mama na mtoto wake, hakuna haja ya kumweleza mtu wa Mombasa sababu.

Anayetoka Nairobi sasa ana njia ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani: anaiacha barabara kuu Miritini, anavuka daraja la Mwache lenye mita 660 na lile la Mteza lenye mita 1,440, na kutokea Kibundani bila kuiona feri. Kwa gari la turubali madaraja hayo ni mahali pa kushika kofia. Upepo unakuja ubavuni juu ya mikoko, na turubali lisilokazwa linapiga kelele hadi mazungumzo yanakoma.

Kutoka hapo ni lami hadi mpaka wa Tanzania. Likoni mpaka Lunga Lunga ni kama kilomita 106, na tangi la SJ410 linachukua lita 40. Hata likinywa lita moja kwa kila kilomita tisa au kumi, mtu anaweza kwenda mpakani na kurudi bila kuongeza mafuta. Petroli si tatizo la safari hii. Tatizo ni matuta. Gari hili lina mita mbili na kidogo tu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na springi zake ni vile vyuma bapa vilivyopangwa, vigumu kama vya pikapu. Likipita tuta, mbele hupanda, na kabla haijatulia nyuma nayo inapandishwa. Wapo wanaokata tuta kwa mshazari kama wafanyavyo na gari refu la chini. Kwa Suzuki hilo linaongeza kuyumba kwa upande. Bora uliendee tuta moja kwa moja, gia ya pili, mguu uondoke kwenye breki kabla gurudumu la mbele halijagusa, ili springi ziwe na nafasi ya kujikunja. Aliyekaa kushoto na dafu mkononi atakushukuru.

Wembamba wa gari hili una historia yake. Mwaka 1988 jarida la Marekani la Consumer Reports liliikataa Samurai, nduguye SJ410 mwenye injini kubwa zaidi, likidai kwamba hupinduka kwa urahisi. Suzuki ilikana, ikaenda mahakamani mwaka 1996, na mwaka 2004 pande mbili zikamaliza kwa maelewano. Sina la kuamua kati yao, ila gari refu kwa kimo na jembamba kwa upana halitaki mzigo juu wala usukani wa ghafla. Mizigo ikae sakafuni nyuma ya viti, mifuko laini, na mbuzi akikatiza barabara Tiwi, breki kwanza, usukani baadaye.

Ukunda unapinda kushoto kwenda baharini, na barabara ya ufuoni ya Diani ndiyo iliyoumbiwa gari la wazi. Ni fupi, ya polepole, ina kivuli cha miti mikubwa, na kitu cha kutazama kiko juu. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limetundika ngazi za kamba kutoka mti hadi mti juu ya lami ili mbega wavuke bila kugongwa. Ndani ya gari lenye paa la bati huwaoni. Paa likiwa limevuliwa asubuhi mapema, unasimama pembeni, unazima injini, na wanapita juu yako na mikia yao mirefu yenye ncha nyeupe ikining'inia, mama akiwa na mtoto tumboni. Mbega hula majani. Mkate wenu hauna thamani kwake. Tumbili na nyani ni habari nyingine. Hao wanalifahamu turubali vizuri kuliko mwenye gari, na zipu kwao si kizuizi. Chakula kisibaki ndani ya gari hata kikiwa kimefungwa kwenye mfuko.

Hii inatufikisha kwenye udhaifu mkubwa wa gari hili, ambao matangazo hayausemi: halifungiki. Mkiwasili Kaya Kinondo, msitu ambao pamoja na makaya mengine ya Mijikenda uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, mtavishwa shuka nyeusi kiunoni na kuingizwa na mzee. Wakati huo gari liko nje na mlinzi wake ni kitambaa. Ufundi wa wanaosafiri hivi ni kuacha mizigo yote chumbani na kutembea na mfuko mmoja ambao haubanduki mwilini. Kwa hiyo safari ya gari la turubali hupangwa kwa vituo: unalala mahali, unazunguka ukiwa mtupu, unarudi. Kuhama kila siku na masanduku yote, kama wafanyavyo Ulaya, hapa hakufai.

Kusini ya Diani barabara inatulia. Gazi inastahili saa mbili kwa ajili ya njia ya mbao ndani ya mikoko na mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ya ukaa kwa faida ya kijiji. Malori ya mchanga wa titani hayatishi tena, kwa kuwa uchimbaji wa Base Titanium ulikoma Desemba 2024, na kwa aliyeketi na kichwa chake sawasawa na bomba la moshi la lori, hilo si jambo dogo. Ukiacha lami kuingia njia za vumbi, kumbuka kwamba nyuma ya gari la mraba hewa huwa nyepesi na huvuta vumbi ndani. Kipande cha nyuma kikiwa wazi mtakula vumbi lenu wenyewe. Kifunge hicho, fungua mbele, hewa isukume kutoka ndani kwenda nje.

Kurudi, kata kushoto Kombani mpande Kwale. Mji uko karibu mita 400 juu ya bahari, na injini ya sentimita za ujazo 970 itaomba gia ya tatu, mahali pengine ya pili. Ipe, tazama kipimo cha joto, usishindane na matatu. Juu kuna ubaridi, na kuna Hifadhi ya Shimba Hills, mahali pekee nchini Kenya penye palahala wa porini. Lakini hapo pia pana tembo, na turubali si ukuta. Nisingeingia humo na gari hili. Kodini gari la bati kwa asubuhi moja, muache Suzuki ipoe mjini.

Kazi ya mwisho hufanywa nyumbani na wengi huiruka. Fundi mmoja wa Ukunda aliniinamisha chini ya Suzuki ya mtu, akagonga sakafu kwa bisibisi, ikapenya. "Mzee," akasema, "hizi hazifi injini. Zinaliwa miguu." Chumvi ya feri, ya upepo na ya mchanga ulioingia na miguu ya waogeleaji hujikusanya chini ya zulia. Zulia litolewe kabisa, sakafu na fremu zioshwe kwa maji baridi, na si ya kisima kilicho karibu na ufuo, kwa kuwa mengi ya hayo yana chumvi yake. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora. Kisha vizibo vya mpira vilivyo sakafuni vitolewe ili maji yatoke, gari likaushwe kivulini pande zikiwa wazi, na turubali lisikunjwe likiwa na unyevu, la sivyo litaoza kwenye mishono kabla ya msimu wa pili.