Na Sisi Tutaongea Saa Ngapi?

Mwezi uliopita, kwenye kibanda cha video hapa Nyarugusu, niliangalia When We Were Kings, filamu ya Leon Gast juu ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Uvira. Kiingereza hakijui, basi nikawa mkalimani wake. Kila sura mpya ikitokea ananigusa goti: "Mwanangu, huyu naye anasema nini?"

Kwanza niipe haki yake. Filamu ni tamu, jamani. Picha zilichukuliwa Kinshasa mwaka 1974, ugomvi wa pesa ukaichelewesha miaka 22, lakini haijachakaa. Ali mdomo haupumziki, watu wanamfuata kila aendako. James Brown, B.B. King na Miriam Makeba wako jukwaani. Raundi ya nane, Foreman alipoanguka, kibanda kizima tulisimama, utafikiri matokeo hatukuyajua.

Lakini upande wa biashara inaupita mbio. Don King aliwaahidi mabondia dola milioni 5 kila mmoja, na yeye hana hizo pesa. Serikali ya Mobutu ndiyo ikadhamini. Milioni 10! Serikali ambayo mapato yake yalitegemea sana shaba ya Katanga. Na pambano likapigwa saa kumi usiku, ili Wamarekani walione kabla hawajalala. Hata usingizi wetu ulipangwa kwa saa ya wageni.

Kosa kubwa ni hili. Wanaoketishwa kutufafanulia mambo ni Norman Mailer na George Plimpton, waandishi wa Marekani, pamoja na Spike Lee na Malick Bowens, mwigizaji wa Mali. Hata ukatili wa Mobutu anatusimulia Mailer. Mkongomani hayumo kati yao. Tupo kwenye picha, ndiyo, tena wengi: tunacheza, tunapiga kelele "Ali, bomaye!", yaani Ali, muue. Sauti yetu wameitaka, maoni yetu hapana.

Kuna atakayesema filamu ni ya Ali, si yetu. Sawa. Lakini yenyewe inasema Ali alirudi kwa ndugu zake Afrika. Ukisema umefika kwa ndugu yako, si umuulize anaishije?

Filamu ilitoka 1996, mwaka uleule kambi hii ilipofunguliwa. Ikapewa Oscar Machi 1997, mwezi ambao waasi waliingia Kisangani. Mei Mobutu akakimbia. Wakati Hollywood wanapiga makofi, wengi wa kuulizwa walikuwa njiani na magodoro kichwani.

Iangalie, usiikose. Ila usiiangalie peke yako. Ilipofika mwisho, yale majina yanapanda kwenye kioo, mzee aliniuliza: "Na sisi tutaongea saa ngapi?"

Nikamwambia, "Baba, imeisha."

Akacheka kidogo, akachukua fimbo yake. Njiani akaanza kunieleza alikuwa wapi alfajiri ile ya Oktoba 30, redio ilikuwa ya nani, na nani alilia kwa sababu aliweka mbuzi wake kwa Foreman. Tulifika mlangoni kwake hajamaliza.