Kapita wa Njia

Reli ya Kindu, huku kwetu mashariki mwa Kongo, haikuwahi kufika Kalima. Iliishia ng'ambo ya pili ya Lualaba, mwendo wa kilomita mia na kidogo kutoka kwetu, na kati yetu na hiyo reli kuna barabara ya matope, madaraja ya magogo na mto mpana. Hata hivyo, keti na wazee wa Kalima jioni: hawachelewi kufika kwenye habari za treni. Huizungumza kana kwamba ilipita nyuma ya nyumba zao. Wana haki. Bati lililochimbwa hapa tangu kampuni ya Symétain ianzishwe mwaka 1932 (Simeteni, tunavyoitamka sisi) lilitoka kwenye vilima vya Walega likiwa mchanga mweusi ndani ya magunia, likapakiwa kwenye lori hadi Alunguli, likavushwa mto, likakabidhiwa watu wa stesheni. Hapo mchimbaji aliaga mzigo wake. Uliobaki ulikuwa kazi ya mafundi wa reli, na ni hao ninaotaka kuwasifu.

Kwa nini stesheni kubwa Kindu, na si kwingineko? Mto ndio ulioamua. Lualaba hukubali mashua kipande, hukataa kipande. Kutoka Kisangani kwenda juu yapo maporomoko ya Wagenia, kwa hiyo reli ya kilomita 125 ilijengwa hadi Ubundu, ikakamilika mwaka 1906. Kutoka Ubundu maji yanapitika kwa zaidi ya kilomita 300, hadi Kindu. Hapo mto unagoma tena, mawe na mbio za maji zinaanza, na wajenzi wakatandika kilomita 355 nyingine hadi Kongolo mwanzoni mwa miaka ya 1910. Kisha mashua tena hadi Kabalo, kisha reli ya kilomita 273 hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, iliyomalizika 1915. Mwaka huohuo Waingereza walipitisha kwenye kipande hicho cha mwisho boti zao mbili za vita, Mimi na Toutou, juu ya mabehewa, wakienda kupigana na Wajerumani ziwani. Kongolo na Kabalo ziliunganishwa kwa reli mwaka 1939 tu. Mzigo uliotoka Kisangani kwenda Kalemie ulishushwa na kupandishwa mara nyingi, na Kindu palikuwa pahali pa kuhesabu, kupima, kupanga upya. Mji ulikua kwa kazi hiyo. Nyangwe, soko kuu la Maniema ambalo Livingstone alilikuta limejaa watu mwaka 1871, ilibaki kando ya mambo.

Ninaposifu sitaki nieleweke vibaya. Kampuni ya CFL, iliyojenga reli hii, ilianzishwa mwaka 1902 na Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji ambaye pia alijenga metro ya Paris. Kwa kukubali kujenga reli alipewa haki juu ya ardhi ya hekta milioni 4, ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Babu zetu walikuwa wametoka kubeba pembe za ndovu vichwani enzi za Tippu Tip, wakaingia kubeba vyuma vya Empain, na hiari yao ilikuwa ileile: hakuna. Kwa hiyo anayeniambia kwamba enzi za Wabelgiji treni zilifika kwa saa, namsikiliza kwa adabu, halafu namuuliza ni nani aliyezifikisha. Saa ilikuwa ya bwana mkubwa ofisini. Mikono ilikuwa ya watu wa Maniema.

Mtazame mpanga mabehewa. Treni ya Kindu hushuka kusini: Kibombo, Samba, Kongolo, Kabalo; na Kabalo njia hugawanyika, moja kwenda Kalemie, nyingine Kamina hadi Lubumbashi. Behewa la kuachwa Kibombo likiwekwa katikati, treni nzima itabidi ikatwe vipande kwenye stesheni ndogo, kichwa kiende mbele kirudi nyuma, na nusu siku imekwisha. Kwa hiyo mpangaji huisafiri safari yote akilini kabla gurudumu halijazunguka: la kwenda mbali hulisogeza karibu na kichwa, la kuachwa mapema hulifunga mkiani. Wakati huohuo anapima uzito, maana behewa tupu likibanwa kati ya mazito linaweza kuvutwa nje ya reli mahali njia inapopinda. Zama za vichwa vilivyochoma kuni aliangalia pia cheche: pamba au mafuta hayakukaa karibu na bomba la moshi. Na kazi hii yote aliifanya kwa miguu, juani na mvuani, kwa ishara za mkono mchana na kwa taa usiku. Alipoingia kati ya mabehewa mawili kuyaunganisha, uhai wake ulikuwa kwa dereva ambaye hakumwona, na dereva alitegemea taa moja ya kijani iliyopungwa gizani.

Bati la Kalima lilikuwa na mtihani wake. Kasiteriti, ule mchanga mweusi wenye bati, ina uzito wa karibu mara saba ya maji. Behewa lililobeba tani zake zote lilionekana bado halijajaa hata nusu, na mgeni wa kazi alishawishika kuongeza magunia ya mchele au mapipa ya mawese juu yake. Mzoefu hakutazama nafasi iliyobaki. Aliinama akatazama springi za chini, namna zilivyolala, akasema basi.

Lakini sifa kubwa kabisa naiweka kwa mtu ambaye hata stesheni hakuonekana sana: kapita wa njia. Huyu ndiye aliyesimamia kikundi cha watu waliotunza kilomita kadhaa za reli, mvua hadi mvua. Nchi yetu ni ya msitu na maji, na adui wa reli ni maji. Kokoto zikichanganyika na udongo, maji hayatoki. Taruma hukaa ndani ya uji. Kila gurudumu linapopita taruma huzama kidogo na kuinuka, na matope huruka pembeni. Kapita alisoma hayo matope. Doa la kijivu kwenye kokoto lilimwambia kwamba chini yake pana shimo, wiki kadhaa kabla dereva hajahisi mtikisiko wowote.

Kisha alichuchumaa. Alilaza shavu karibu na chuma, akafumba jicho moja, akatazama reli ikienda mbali, na kwa jicho hilo aliona mahali palipobonyea kwa unene wa kidole. Alinyoosha mkono: inua hapa, acha pale. Watu waliingiza mitaimbo, wakainua reli pamoja na mataruma yake, kisha wakashindilia kokoto chini kwa sululu, wawili upande huu na wawili upande ule, wakipiga kwa zamu, mmoja akitangulia wimbo na wengine wakiitikia. Usidhani wimbo huo ulikuwa wa kuburudisha. Ulikuwa kipimo. Taruma lililoshindiliwa kwa mapigo mengi kulia na machache kushoto litainama, na reli itainama nalo. Anayeimba aliyagawa mapigo sawasawa bila kuhesabu, na kapita alijua kwa sikio, hata akiwa amegeuza mgongo, kwamba fulani ameanza kuchoka.

Kulikuwa na elimu nyingine ya mianya. Kati ya reli moja na nyingine huachwa nafasi ndogo ili chuma kipate pa kutanuka juani. Ukiifunga mno, saa nane mchana reli hujikunja na kutoka mahali pake. Ukiiacha pana mno, magurudumu huipiga kila yapitapo hadi ncha zivunjike. Na nafasi inayofaa alfajiri siyo inayofaa mchana. Kapita alishika chuma kwa kiganja, akapima joto lake, akaamua. Hakuwa na kitabu mkononi. Vitabu vilikuwepo Kindu, kwenye kabati la ofisi, kwa Kifaransa.

Treni iliporudi yadini, fundi wa magurudumu alitembea ubavuni mwake na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa hutoa sauti ya kufa, fupi. Aliyesikia sauti hiyo aliandika kwa chaki, na behewa halikuondoka, hata kama ndani yake mlikuwa na mzigo wa mkubwa gani.

Wote hawa walipata mtihani wao mkuu mwaka 1955. CFL ilikuwa imejenga njia yenye upana wa milimita 1000, na reli ya Katanga ilikuwa ya milimita 1067. Ili mabehewa ya Kindu yafike Kamina na kusini zaidi, upana wa njia yote kuanzia Kindu hadi Kalemie ulibadilishwa. Milimita 67 ni upana wa vidole vinne. Kwa vidole vinne hivyo, mamia ya kilomita yalisogezwa, swichi zikatengenezwa upya, magurudumu yakabadilishwa. Mwaka uliofuata njia ya Kabalo hadi Kamina ikaunganishwa. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu hakikuguswa. Mpaka leo kina upana wa zamani, na behewa la huko haliwezi kutembea Kindu.

Mwaka huohuo wa 1955, kule Marekani, mpiga picha O. Winston Link alianza kuzunguka na taa zake usiku kupiga picha vichwa vya mwisho vya mvuke vya kampuni ya Norfolk and Western. Aliona kwamba dizeli inakuja na mvuke utatoweka. Picha zake zinapendwa duniani kote, na katika nyingi ya hizo wamo watu: wenye taa, wenye kopo la mafuta, wenye mavazi ya kazi. Mafundi wetu wa 1955 tunawajua kwa masimulizi ya wajukuu tu. Kazi za mikono za Walega zimekusanywa: vinyago vya Bwami vimo kwenye makumbusho ya Tervuren na kwingineko, nyuma ya vioo. Nyundo ya kapita, iliyoshikwa na Mlega huyohuyo au na Msongola au Mkusu, hakuna aliyeiwekea kioo.

Mabadiliko yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, ambalo leo ni SNCC. Mwaka 1976 Symétain na wenzake wakawa SOMINKI. Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka, magunia ya Kalima yakapungua, na yadi ya Kindu ikapoteza mmoja wa wateja wake wazito. SOMINKI ikafa, SAKIMA ikazaliwa 1997 kuchukua nafasi yake, na vita vya 1998 vikaifunga njia kwa miaka. Majani yaliota kati ya mataruma. Kasiteriti ikazoea kuondoka Kalima kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Kamisuku, na vijana wakazoea kusukuma baiskeli zilizosheheni kwa siku nyingi katika msitu. Treni zilirudi Kindu baada ya vita, chache, zikitambaa.

Baadaye vichwa vipya vya treni vikanunuliwa China kwa mradi wa Benki ya Dunia. Watu walipiga makofi, nami sikatai vichwa vipya. Lakini kichwa cha treni ni kitu cha kununua, kinakuja melini. Njia haiji melini. Machi 2022, karibu na Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba watu waliodandia iliacha reli na kuua watu 75. Habari za kuacha reli kwenye mtandao huu ni nyingi mno hata magazeti huzipa mistari michache. Nisikiapo habari kama hiyo siwazi kwanza kuhusu dereva. Namwaza kapita aliyestaafu bila mrithi, au aliyekaa miezi na miezi bila mshahara mpaka akaacha kokoto akaenda kulima muhogo. Nani atamlaumu?

Yupo atakayeniambia kwamba nchi tajiri zimeacha sululu, mashine hushindilia kilomita kwa saa chache. Ni kweli, na siku mashine hizo zitakapofika Kindu nitakuwa wa kwanza kwenda kuzitazama. Ila mashine hupelekwa mahali ambapo mtu ameona shida, na jicho linaloona doa la kijivu kwenye kokoto halifundishwi kwa semina ya siku tatu hotelini. Hufundishwa njiani, miaka, na mtu anayejua.

Wanaojua bado wapo, ingawa wamezeeka. Wapo Kindu, wapo Kibombo, wapo katika vijiji vya kandokando ya reli. Naliomba shirika, na naiomba serikali ya mkoa wa Maniema: kila mzee wa njia apewe vijana wawili, alipwe kama mwalimu, na alipwe mwisho wa mwezi. Wanunuliwe sululu, mitaimbo na nyundo. Gharama yake haifikii bei ya kichwa kimoja cha treni.