Hiera na Ngazi Zake: Mahali pa Kuweka Mipangilio ya Kila Seva

Usimamizi otomatiki wa usanidi ni utaratibu ambao hali inayotakiwa ya seva huandikwa katika faili, kisha programu maalumu huilinganisha na hali halisi na kurekebisha penye tofauti. CFEngine, iliyoanzishwa na Mark Burgess mjini Oslo mwaka 1993, na Puppet, iliyoanzishwa na Luke Kanies mwaka 2005, ziliwezesha seva nyingi kusanidiwa kwa pamoja. Lakini kwa kuwa kila seva ina kazi yake na anwani yake, lilibaki swali la mahali pa kuweka yale yanayozitofautisha.

Awali, katika Puppet, tofauti hizo ziliandikwa ndani ya msimbo wenyewe, ama kwa masharti yanayotaja majina ya seva, ama kwa kufanya maelezo ya seva moja yarithi ya nyingine. Masharti yalivyoongezeka, msimbo uliokusudiwa kutumika popote ukafungamana na mashine za ofisi moja. Urithi huo nao uliondolewa kabisa katika Puppet 4, mwaka 2015.

Jibu lililodumu ni Hiera, iliyojumuishwa katika Puppet 3 mwaka 2012. Hiera huhifadhi thamani nje ya msimbo, kwa kawaida katika faili za YAML, yaani maandishi yanayooanisha jina na thamani, na faili hizo hupangwa kwa ngazi, kuanzia ile ya seva moja, kupitia ya kundi au kituo, hadi "common.yaml" inayozihusu seva zote. Darasa (fungu la msimbo) la Puppet liitwalo "ntp", linalorekebisha saa, likihitaji kigezo "servers", Puppet hutafuta "ntp::servers" kwa kushuka ngazi hizo, na thamani ya kwanza kupatikana ndiyo hutumika, isipokuwa pale ilipoagizwa kwamba thamani za ngazi zote ziunganishwe. Hivyo kituo chenye chanzo chake cha saa huhitaji mstari mmoja katika faili yake, bila msimbo kuguswa.

Hiera hujua faili ipi ni ya seva ipi kwa jina linaloitambulisha seva, na uteuzi wa jina hilo unahitaji uangalifu mkubwa. Taarifa nyingi hutolewa na seva yenyewe, na seva iliyovamiwa inaweza kujidai kuwa ya hifadhidata ili ipewe nywila zisizo zake. Kwa sababu hiyo, ngazi ya seva hujengwa juu ya "trusted.certname", jina lililomo katika cheti cha kidijitali kilichotiwa saini, ambalo seva haiwezi kujibadilishia.

Ubora wa mpangilio huu hupimwa kwa ufupi wa faili za seva mojamoja. Mstari uleule ukirudiwa katika faili kumi, hiyo ni dalili kwamba liko kundi ambalo halijapewa ngazi yake. Na ngazi zikizidi, msimamizi hushindwa kujua thamani imetoka wapi, ingawa amri ya "puppet lookup" yenye "--explain" humwonyesha kila faili iliyopitiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza mstari katika faili ya seva, msimamizi ajiulize kwanza iwapo sababu ya mstari huo ni ya seva hiyo peke yake. Ikiwa sivyo, mahali pake ni ngazi ya chini zaidi, inayohusu seva nyingi.